Nilimwambia dereva saa tano asubuhi, nikamkuta nje kwangu saa nane usiku

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wengine wote habari za mihangaiko.

Mimi ni wa kusoma kimya humu. Miaka mingi nasoma visa vyenu, nacheka, nazima simu, nalala. Leo nimeamua na mimi niseme langu, maana limenikaa kifuani mpaka nashindwa kula vizuri.

Yamenikuta mwenyewe haya, siyo ya "rafiki yangu mmoja". Majina tu nimebadilisha. Atakayejifanya ananijua anyamaze tafadhali.

Wa "fupisha uzi" mnaweza kupita hivi. Sifupishi.

Nipo Geita mjini, Kalangalala. Niiteni Mama Milembe. Nina duka la vifaa vya wachimbaji: gambuti, tochi za kichwani, kamba, sululu. Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Kahama, anakaa kambini wiki tatu anarudi moja. Mtoto yuko bweni.

Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mpangaji wangu mmoja mwalimu anayekaa chumba cha uani, na mama yangu mzazi niliyekuwa nimemtoa kijijini kwa ajili ya macho.

Hayo macho ndiyo kisa chenyewe, mlishike hili.

Jicho la kulia la mama lilishakufa zamani. Alikuwa amebaki na la kushoto, nalo likaanza kuleta kiza pembeni, kila siku kinasogea. Daktari akatuambia ile ngozi ya ndani ya jicho inabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa, na isiposhikizwa haraka itadondoka yote.

Kaka yangu aliyeko Dar akahangaika mpaka akapata nafasi kwa daktari bingwa mgeni aliyekuja kwa siku chache tu. Nafasi yenyewe ilikuwa Alhamisi mchana, siku ya mwisho kabla huyo daktari hajapanda ndege kurudi kwao. Simu ya kutuambia hivyo iliingia Jumanne jioni. Ndege za Jumatano zilikuwa zimejaa. Kaka akapata viti viwili Mwanza kwenda Dar, Alhamisi, saa moja kamili asubuhi.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja tu: tukiiwahi ile ndege, mama anabaki na jicho. Tukiikosa, Mungu anajua.

Sasa niwaeleze kitu kuhusu sisi watu wa kwenye dhahabu, maana wa mikoa mingine mtashangaa.

Huku safari haitangazwi. Mtu anayeondoka Jumatatu anakuambia Jumatano. Anayekwenda Mwanza anakuambia anakwenda Masumbwe kwa mjomba wake. Siyo kwamba anakudharau, ndivyo tulivyolelewa. Ukionekana tu unaelekea uwanja wa ndege alfajiri, watu wanahesabu moja kwa moja kwamba umebeba mali, hata kama begi lako lina khanga na michembe tupu, vile viazi vikavu.

Na kwetu sheria hii iliingia kwa damu. Marehemu baba alikuwa mchimbaji Mwakitolyo. Kuna mwaka alipata. Siyo kingi, lakini alipata. Siku moja ananyolewa, akamwambia kinyozi kwamba Jumanne anakwenda Kahama kuuza. Furaha tu, mdomo ukateleza. Hiyo Jumanne wakamsubiri njiani, wakachukua kila kitu, na panga la mguu juu yake. Alichechemea mpaka tunamzika.

Toka siku hiyo mama akaweka amri: "Safari inasimuliwa ukisharudi." Watoto sita tumekua na hiyo amri kama wengine walivyokua na sala ya jioni.

Basi tiketi zilipoingia kwenye simu, na uongo ukaanza.

Wanajumuiya wa kanisani niliwaambia mama anarudi kijijini Ijumaa. Jirani nikamwambia tunakwenda Nyahanga kwa dada. Yule mwalimu mpangaji sikumwambia chochote, maana walimu mnaongea sana (mnisamehe, lakini ni kweli).

Na dereva nikamwambia Alhamisi, saa tano asubuhi, Mwanza mjini.

Mpango wangu ulikuwa nimpigie saa nane na nusu usiku: "Baba amka, mambo yamebadilika, njoo sasa hivi." Hapo mtu anakuja na usingizi wake, hana muda wa kumpigia mwenzake yeyote. Wanunuzi wa dhahabu wote wanafanya hivyo. Nimewasikia dukani kwangu kwa masikio yangu.

Dereva mwenyewe nilipewa na mama mmoja wa sokoni. Anaitwa Baba Kulwa, ana IST ya kijivu. "Mtu mzuri, mpole." Mimi mtu akisifiwa mpole ndiyo kwanza naongeza kufuli.

Jumatano jioni akaja kunisalimia na kuona njia. Wakuu, yule baba aliuliza maswali!

Mizigo mingapi? Mama atakaa mbele au nyuma? Hapa mnatokea geti hili tu au kuna lingine? Mama anaweza kupanda ngazi mwenyewe? Mume wako yupo?

Hilo la mume ndilo lililonichoma. Wewe dereva, mume wangu wa nini? Nikamjibu yupo ndani amelala. Wakati huo mume yuko Kahama anakula ugali wa kampuni.

Nikamwonyesha geti la mbele tu. La nyuma, linalotokea kwa shemeji yangu Shija, sikulitaja.

Usiku sikulala. Saa nane na dakika kama tano hivi nikaamka kunywa maji, taa nimezima, nikachungulia dirisha la sebuleni.

IST ya kijivu imepaki nje ya geti langu.

Taa zimezimwa, injini imezimwa. Ndani kuna vichwa viwili. Kimoja kina mwanga wa simu usoni.

Jamani! Nilikaa chini palepale kwenye zulia.

Mtu niliyemwambia saa tano asubuhi anafanya nini kwangu saa nane usiku? Nani kamwambia? Na huyo wa pili ni nani? Nikamkumbuka baba na kinyozi wake. Nikajua na sisi zamu yetu imefika. Mwenye duka la wachimbaji, mwanamke peke yake, mama kipofu nusu, mume hayupo. Wangetaka nini zaidi?

Nikaenda kumwamsha mama. Nikamnong'oneza, "Mama, kuna watu wawili nje kwenye gari, wamezima taa. Wanatusubiri."

Mama hakuuliza mara mbili. Akakaa kitandani, akatafuta viatu kwa miguu. "Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "kuna mlango mwingine?"

Nikampigia shemeji Shija. Huyu ni mdogo wa mume wangu, ana kenta ya kubebea mawe kutoka mashimoni kupeleka kwenye karasha, kule yanakosagwa.

"Shemeji, tupeleke Mwanza sasa hivi."

"Mwanza? Na hii kenta? Shemeji, breki zangu ni za kuombea."

"Twende hivyohivyo. Nitakueleza njiani."

Halafu nikazima simu kabisa. Niliwahi kusikia wanaweza kukufuata kwa simu. Msinicheke, nilikuwa na hofu.

Tukatoka kwa nyuma gizani, bila tochi. Mimi nimeshika begi na mkoba, mkono mwingine nimemshika mama. Tukapita kati ya mafiga na kamba za kuanikia nguo, mama akajikwaa mara moja, nikamdaka. Saa tisa kasoro tukawa ndani ya kenta, mama katikati, na tukaondoka.

Kwa wasiojua kenta ya mawe: haikimbii. Inanguruma sana, lakini haikimbii. Hata hivyo nilipiga hesabu, nikaona tutafika. Nikaanza kupumua. Mama akawa anasali kimoyomoyo, naona tu midomo inacheza.

Ilikuwa inaelekea saa kumi, Sengerema iko mbele yetu, shemeji akaangalia kioo cha pembeni akasema, "Kuna gari ndogo inakuja kasi."

Nikageuka. Taa zinawashwa, zinazimwa. Zinawashwa, zinazimwa. Halafu honi.

Ikasogea nikaiona rangi. Ni IST ileile.

"Kata kona!" nikapiga kelele. "Shija, kata kona popote!"

Shemeji mwenyewe alishaogopa. Mbele kidogo palikuwa na njia ya vumbi inayoingia kwenye ghala la zamani la pamba. Akakata bila hata kuwasha indiketa, akazunguka nyuma ya ghala, akazima kila kitu. Ile IST ilikuwa nyuma ya lori lililokuwa limeichomekea, haikutuona tunaingia. Tukaisikia inapita.

Tukakaa.

Baada ya dakika kumi hivi tukaisikia inarudi. Ikapita kuelekea Geita. Shemeji akataka kuwasha, nikamshika mkono, nikamwambia subiri. Na kweli, baada ya muda ikarudi tena, safari hii taratibu sana, vioo vimeshushwa. Na hapo nikasikia sauti ya mwanamke inaita gizani:

"Mama Milembee! Mama Milembee!"

Wakuu, nywele zilisimama. Mama akanibana mkono kwa kucha. "Usiitike," akasema. "Usiku haitikiwi mtu." Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua, ukiitwa jina usiku na usiyemwona, unanyamaza.

Nikanyamaza. Nilinyamaza na jina langu linaitwa, likaitwa tena kwa mbali, likapotea.

Shemeji akawa anaangalia saa. Mimi nikawa namwambia bado, bado kidogo, wanatutega. Saa kumi na moja kasorobo ndipo nilipokubali tutoke. Karibu saa nzima tulikaa nyuma ya lile ghala, kwa amri yangu mimi.

Tukafika daraja la Busisi kama saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Wanaolijua wanalijua, sasa hivi hakuna kusubiri kivuko, ni kupita tu. Niliziona zile taa zake kwa mbali nikasema asante Mungu, tumepona, na muda bado upo.

Kabla ya kupanda darajani kulikuwa na askari wako doria, wamesimamisha magari mawili matatu. Na pembeni yao, IST ya kijivu. Na mbele ya IST amesimama Baba Kulwa, anaangalia kila gari linalokuja.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Nilipoona askari nikapata ujasiri wa simba. Nikamwambia shemeji asimame mbali kidogo, nikamwacha mama ndani ya kenta, nikashuka mbio na khanga yangu kiunoni.

"Afande! Mkamateni huyu! Mkamateni, anatufuata toka Geita! Ni jambazi huyu!"

Askari wanafanya kazi yao. Ukipiga ukunga wa jambazi saa kumi na moja alfajiri hawakuulizi kama una ndege. Wakamzunguka. Mikono juu. Fungua buti. Toa kitambulisho. Huyo mwingine ndani ashuke. Akashuka mwanamke mnene, amejifunga kitenge, ameshika chupa ya chai kubwa. Mimi nikaendelea kuongea, tena kwa sauti. Nikasema alikuja kwangu saa nane usiku. Nikasema aliuliza kama mume wangu yupo. Nikasema wanaita watu majina gizani.

Askari alipomruhusu kushusha mikono, Baba Kulwa akaingia kwenye gari taratibu, akatoa bahasha ya kaki, akanipa.

Nikaijua kabla sijaifungua. Ilikuwa na barua ya mama ya daktari, picha za jicho, na kitambulisho chake cha taifa.

Niliidondosha kule uani, mama alipojikwaa. Sikusikia hata.

"Tulisubiri mpaka saa tisa hivi," akasema. "Simu yako haipatikani. Tukagonga, mwalimu akatufungulia, akasema amesikia kenta ya shemeji yako ikiondoka, tukazunguka nyuma, tukaikuta chini. Mke wangu akasema bila hii hawapandi ndege, tuwawahishe."

Huyo mwanamke mwenye chupa ndiye Mama Kulwa, mke wake. Ile sauti ya gizani ilikuwa yake.

Hakuna aliyenicheka. Ingekuwa afadhali. Askari mmoja alikohoa tu, akasema, "Haya mama, nendeni, mtachelewa." Mahojiano yote yalikuwa yamekula kama dakika ishirini.

Nilitamani nifunikwe na ardhi. Kweli kabisa, sisemi kwa mapambo.

Baba Kulwa akaenda kwenye kenta kumchukua mama, maana IST ndiyo ingekimbia. Nikawa nyuma yake. Akafungua mlango, akasema, "Shikamoo mama. Mimi dereva, nimekuja kuwachukua."

"Marahaba baba," mama akasema. Macho yake yanamtafuta, hayamwoni. "Umetufikiaje? Hao majambazi hawajakudhuru?"

Shemeji akanitazama. Baba Kulwa na yeye akanitazama, kidogo tu. Nikasubiri aseme. Alikuwa na haki ya kusema.

"Walishapita, mama," akasema. "Wamekimbia. Nipe mkono."

Mle garini mama alipewa uji na Mama Kulwa, wa moto, kwenye kikombe chenye mfuniko. Akawa anawasimulia jinsi nilivyoamka, nilivyochungulia, tulivyojificha nyuma ya ghala. Mama Kulwa anaitikia tu, "Pole mama. Ee, pole sana." Mimi nimekaa mbele, natazama barabara.

Baba Kulwa aliendesha, jamani. Lakini Kigongo, ng'ambo ya daraja, mpaka mjini, mjini mpaka uwanjani, hata ukikimbia vipi, kuna matuta na kuna malori.

Tulisimama mlangoni saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Kaunta ilikuwa imefungwa robo saa iliyopita.

Nilimlilia yule dada wa kaunta. Nilimwonyesha bahasha, nikamwonyesha mama. Alikuwa na huruma kabisa, alikwenda ndani akauliza, akarudi anatikisa kichwa. Milango imeshafungwa, hawezi. Tukasimama pale nje, tukaisikia inaruka.

Sasa mpige hesabu mnaopenda hesabu. Ondoeni zile dakika ishirini za askari. Hizo tu, saa nzima ya ghala iacheni. Tungeiwahi.

Nilikaa kwenye ngazi za nje. Mama Kulwa alikuwa amempeleka mama msalani, amemshika kiuno kama mama yake mwenyewe. Ndipo nikamuuliza Baba Kulwa, "Ulijuaje? Mimi nilikwambia saa tano."

Akasugua uso, akaongea kwa kile Kiswahili chetu cha Kisukuma, polepole.

"Mama Milembe, mimi mwaka wa nane huu nabeba wanunuzi. Hajawahi mtu kuniambia saa ya kweli, hata mmoja. Akisema saa tano, mimi najua ni alfajiri. Akisema mjini, najua ni uwanja wa ndege. Na wewe una mgonjwa wa macho, nikajua huyo ni wa Dar, na ile ndege ya asubuhi naijua. Nikasema nije mapema, nizime taa nisiwasumbue, ukipiga tu mimi nipo mlangoni. Nilishafanya hivyo kwa wengi, wanafurahi."

"Na mke wako?"

"Nilipoona mama haoni vizuri, na mume uliyesema amelala sikumwona, nikaona si vizuri mama mzee asafiri na dereva mwanaume tu. Akitaka kujisaidia njiani?"

Hilo swali la mume lilikuwa la hivyo.

"Kwa nini hukunipigia ukaniambia umefika?"

Akacheka kidogo, siyo cheko la furaha. "Ungeogopa."

Wakuu, yule mtu aliujua uongo wangu, akausamehe, akaupangia na ratiba kabisa. Mimi ukweli wake nikauita ujambazi mbele ya askari.

Siku ile viti vyote vya kwenda Dar vilikuwa full. Tulipata Ijumaa asubuhi. Tulipofika, daktari mgeni alishaondoka usiku wa jana yake. Madaktari wa pale wakampokea mama vizuri, wakajaribu baada ya siku kumi na mbili, walipopata nafasi. Walifanya walichoweza, siwalaumu kabisa.

Mama sasa anaona mwanga. Anajua kama taa imewaka, anajua dirisha liko wapi. Sura haoni.

Nilimuuliza daktari, nikiwa peke yangu, kama Alhamisi ile ingebadilisha. Akaniambia hakuna anayeweza kujua, huenda ndiyo, huenda hapana, jicho lilikuwa limeshachoka. Nilitaka aseme hapana. Alikataa kusema hapana.

Baba Kulwa nimemwomba msamaha mara tatu. Mara ya kwanza nilipiga magoti. Anasema, "Yamekwisha, Mama Milembe." Lakini nikimpigia kutaka usafiri, yuko Runzewe, yuko Katoro, gari iko gereji. Simlaumu. Mtu uliyemfanya ainue mikono juu mbele ya mke wake atakuwaje na hamu ya kukubeba tena?

Nilichojifunza? Sisemi mtangaze safari zenu. Mimi bado sitangazi, na baba yangu nilimzika na ule mguu. Ila atakayekuendesha, mwambie saa ya kweli. Kama huwezi kumwambia saa ya kweli, basi usipande gari lake kabisa, tafuta mwingine unayemwamini. Huwezi kumkabidhi mtu roho ya mama yako halafu umfiche saa.

Na ukimwona mtu nje kwako usiku, kabla ya kukimbia, washa simu yako umuulize. Kitu kidogo tu. Mimi sikuuliza.

Lakini siyo hilo lililonifanya niandike leo.

Jumapili iliyopita jumuiya ilikuja kumsalimia mama. Nyumba imejaa, wamama kwa wababa. Nikiwa jikoni nakoroga chai nikamsikia mama anawasimulia. Anasimulia vizuri, mama yangu, kwa sauti na mikono. Jinsi majambazi walivyokuja saa nane usiku. Jinsi binti yake alivyonusa hatari. Jinsi walivyopita wakiita jina gizani, na sisi kimya nyuma ya ghala la pamba.

Akamalizia hivi: "Macho yameondoka, sawa. Lakini roho ninayo, na aliyeniachia roho ni huyu mtoto. Baba yake angekuwa na mtu kama huyu siku ile ya Jumanne, asingekatwa."

Watu wakapiga makofi. Wakaniita nitoke jikoni. Mama akanyoosha mikono anitafute, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akawa anaupapasa huku anacheka, mbele ya watu wote.

Na mimi nikasimama pale nikapokea makofi.

Kila mgeni akija anasimulia. Kila akisimulia mimi nakufa. Shemeji anasema nimwache mzee na furaha yake, nikimwambia nitakuwa nimemnyang'anya na hicho kilichobaki. Mume wangu anasema nimwambie, asije akasikia kwa watu, maana askari walikuwepo, Mama Kulwa alikuwepo, na Geita ni ndogo.

Mimi sijui, wakuu. Nikitaka kumwambia mdomo unakuwa mzito. Nikinyamaza namwona kama ninamwibia mama yangu asiyeona.

Mliowahi kuwa na jambo kama hili na mzazi, mlifanyaje? Mnitukane mkitaka, nimekubali, ila mkishamaliza kunitukana mniambie: nimwambie, au nimwache?

Nasoma kila mtakachoandika.